Jeneza Linalorudi na Jeneza Lisilorudi: Maneno Yetu ya Kaburi na Mazishi

Mwambie mtu wa Kisumu au Kakamega kwamba jeneza lilirudishwa msikitini baada ya mazishi, naye atakuuliza marehemu alizikwa ndani ya nini. Kwake jeneza ni sanduku. Fundi hulichonga, hulipaka vanishi, hulitia vipini, na linashuka udongoni pamoja na mwenyewe. Lakini neno hili lilipotoka kwenye Kiarabu (janaza) likatua pwani, lilitaja kitu cha kubebea tu. Jeneza la Waislamu hubebwa mabegani hadi makaburini, maiti hutolewa akiwa ndani ya sanda, na jeneza hurudi kumngoja mwingine. Neno ni lilelile, ila la pwani ni mali ya msikiti na la bara ni mali ya marehemu.

Maneno mengi ya mazishi tuliyo nayo huku magharibi na hapa Nakuru yamesafiri hivyohivyo. Yalipanda na misafara ya Waswahili iliyofika hadi Mumias karne ya 19, yakaja tena na reli, shule na makanisa, na yalipofika yakakuta watu wanaozika kwa namna yao.

Mengine hayakuvuka. Mwanandani, kwa mfano. Ni nafasi ya ndani inayochimbwa kaburini ili maiti alazwe humo kwa ubavu wa kulia, akielekea Kibla. Mbao zinazomkinga na udongo huitwa viunza, kimoja kiunza. Mtoto wa Bondeni, Nakuru, aliyelelewa karibu na msikiti huenda akayajua maneno haya. Mwenzake wa mtaa wa pili huyakuta kwenye kamusi akadhani ni ya kizamani. Si ya kizamani hata kidogo, ni vile tu kaburi lake halina mwanandani. Mava nayo ni hivyohivyo. Mtu wa Mombasa akisema "tumetoka mavani" ametoka makaburini. Sisi huku tunasema makaburini basi, na neno mava likitamkwa watu hufikiria mavazi.

Kaburi lenyewe ni Kiarabu, qabr. Kuzika ni Kibantu, tena cha kale. Mkikuyu husema kũthika, Mganda husema kuziika, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Kutokana na kuzika tukapata mazishi, kwa njia ileile ambayo kupika kulizaa mapishi na kuandika kukazaa maandishi. Maziko pia ni sahihi, ingawa huku kwetu ni nadra kuyasikia. Na kuna msemo ninaoupenda kuliko yote: marafiki wa kufa kuzikana. Hakuna namna ya kimantiki ya watu wawili kuzikana, lakini kila mtu anauelewa.

Neno lililogeuka zaidi ni matanga. Pwani mtu huzikwa upesi, aghalabu siku hiyohiyo, kisha jamaa hukaa matanga, wakapokea mkono wa pole, na siku zikitimia wakayaanua. Matanga hufuata kaburi. Huku kwetu mwili hukaa mochari wiki moja, mbili, hata zaidi, watu wakisubiri walio mbali na kuchanga pesa za bili na za chakula. Hivyo matanga yetu hutangulia kaburi. Ni mikesha ya kabla ya kuzika, yenye turubai, moto wa magogo, kwaya na daftari la michango. Hapo ndipo disko matanga ilipozaliwa, muziki wa usiku kucha kwenye boma la msiba, ambao machifu wamepiga marufuku mara nyingi na vijana wakaurudia mara nyingi vilevile. Mzee wa Lamu akisikia maneno "disko" na "matanga" yamekaa pamoja sijui atasema nini.

Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, kaburi ni liel, lakini anayesema anakwenda liel anakwenda kwenye msiba wote: kilio, hotuba, chakula na shimo lenyewe. Na liel liko bomani. Ndiyo maana katika Kiswahili cha huku, "kumpeleka nyumbani" maana yake ni kwenda kumzika. Tofauti ya nyumba na nyumbani ilifika hadi mahakamani katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Otieno ukadai kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba mjini, lakini nyumbani kwake ni kwa baba zake. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kuna pia maneno ya kupunguza makali. Huku mtu hasemi "maiti ya baba yako" mbele ya mfiwa; atasema mwili, au marehemu, au mzee tu. Pwani husema kumsitiri, yaani kumfunika, na kwa maoni yangu ndilo neno la heshima kuliko yote. Vijana wa mjini hawana habari na heshima hiyo: kwao mtu amededi, na akizikwa amepewa futi sita. Aliyenusurika ajali amechungulia kaburi, na huo si usheng, ni Kiswahili cha siku nyingi.

Chunga vitenzi vitatu vinavyofanana. Kaburi huchimbwa, kisha hufukiwa, na likifunguliwa tena linafukuliwa. Hilo la tatu ni kazi ya polisi wenye amri ya mahakama, au ya mtaalamu kama Mary Leakey, aliyeanza kufukua makaburi ya kale pale Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937. Mtandaoni, kufukua makaburi ni kuibua maneno uliyoyasema zamani ukidhani yamesahaulika.

Mahali ninapokwama ni Rusinga. Mwanasiasa Tom Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969, na juu ya kaburi lake kisiwani humo kuna jengo lenye umbo la risasi. Kuliita kaburi ni kulipunja, na mnara si neno lenyewe. Pwani, kaburi la mtu mkubwa ambalo watu hulizuru huitwa ziara, na neno hilo lingefaa sana, ila huku likisikika watu hudhani rais anakuja kufungua barabara.