Je, wajua kwa nini vyombo vya Tupperware viliondolewa madukani vikahamia sebuleni?

Mwaka 1951 kampuni moja ya Marekani ilichukua uamuzi ambao wafanyabiashara wengi wangeuona ni wazimu. Iliondoa bidhaa zake madukani, ikaamua kwamba kuanzia hapo anayetaka bakuli lake atalinunua akiwa ameketi kwenye kochi la jirani yake. Bidhaa hizo zilikuwa vyombo vya plastiki vya Tupperware, na uamuzi huo ndio uliovifanya viwe maarufu nchi nzima. Ilikuwaje?

Shida yote ilianzia kwenye mfuniko.

Earl Tupper, mzaliwa wa New Hampshire, alikuwa mtu wa kubuni vitu usiku na mchana. Aliwahi kufanya kazi kwa muda katika kampuni ya kemikali ya DuPont, na baadaye akapata kutoka huko mabaki ya polithini: madonge meusi, magumu, yenye harufu mbaya, ambayo hakuna aliyeyahitaji. Akayasafisha na kuyafanyia majaribio mpaka akapata plastiki laini, inayopitisha mwanga, ambayo ukiiangusha haivunjiki. Mwaka 1946 mabakuli yake yakaingia sokoni. Mfuniko aliubuni kwa kuutazama ule wa kopo la rangi, unaobana ukingo wa kopo pande zote hata hewa isipite.

Lakini mfuniko huo ulikuwa na namna yake. Unauweka juu ya bakuli, unaubana kuzunguka ukingo wote, kisha unabonyeza katikati huku ukiinua ncha moja kidogo. Hewa inatoka kwa mlio mdogo, unaachia ncha, na hapo bakuli limeziba. Wauzaji walisema bakuli "linacheulishwa", kama mtoto mchanga aliyemaliza kunyonya. Ukionyeshwa mara moja, hutasahau. Usipoonyeshwa, utahangaika nao kisha uurudishe dukani ukilalamika kwamba haufungi. Na ndivyo ilivyotokea. Zaidi ya hapo, plastiki ya miaka hiyo ilikuwa na sifa mbaya ya kunuka na kupasuka, kwa hiyo wengi waliyapita mabakuli ya Tupper kwenye rafu bila hata kuyagusa.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inajengwa upya pembezoni mwa miji. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walikuwa wanaoa na kutafuta mahali pa kuishi, na sheria ya mwaka 1944 iliwawezesha kupata mikopo ya nyumba kwa masharti nafuu. Katika kisiwa cha Long Island karibu na New York, kampuni ya familia ya Levitt iligeuza mashamba ya viazi kuwa Levittown. Kati ya 1947 na 1951 zilijengwa pale nyumba zaidi ya 17,000, zinazofanana, kila moja na jokofu na jiko lake. Mikataba ya mwanzo iliwazuia Wamarekani Weusi kuishi humo, jambo ambalo halifai kuachwa kila inapotajwa raha ya vitongoji hivyo.

Sasa fikiria mke kijana aliyehamia mahali kama hapo. Mama yake na mashangazi wamebaki mjini. Asubuhi mume anaondoka na gari, ambalo mara nyingi ndilo gari pekee la nyumbani. Majirani wote ni wageni kama yeye. Pengine wakati wa vita alikuwa na kazi kiwandani, na vita vilipoisha akaambiwa ampishe mwanamume. Ana jokofu jipya na viporo vya kuhifadhi, ana siku nzima mbele yake, lakini hana pa kwenda na hana fedha anazoweza kuziita zake.

Aliyemwona mwanamke huyo vizuri kuliko wote ni Brownie Wise. Alizaliwa Georgia mwaka 1913, akaachana na mumewe, na akawa analea mtoto wake wa kiume peke yake karibu na Detroit. Ili kuongeza kipato aliuza vifaa vya usafi vya kampuni ya Stanley kwa kuwakusanya wanawake nyumbani na kuwaonyesha namna ya kuvitumia. Inasemwa kwamba alipotaka kupanda cheo, aliambiwa uongozi si mahali pa mwanamke. Akageukia mabakuli ya Tupper, akahamia Florida, akayauza kwa wingi kiasi kwamba mvumbuzi mwenyewe alitaka kujua siri yake. Mwaka 1951 Tupper akamfanya makamu wa rais wa kampuni, na maduka yakaachwa.

Siri yenyewe ilikuwa mkusanyiko wa jioni moja. Mwenye nyumba anaalika majirani, anaandaa kahawa na keki. Muuzaji anafika na mzigo wa sampuli, anaanza kwa michezo ya kuchekesha ili watu wasioneane haya, halafu ndipo anapofungua bakuli. Wise alikuwa na mbinu yake mwenyewe: analijaza bakuli maji ya zabibu, analifunga, analicheulisha, kisha analirusha hewani hadi upande wa pili wa sebule. Wanawake wanashika vichwa, zulia liko hatarini, bakuli linatua, na halitoki hata tone. Tangazo gani la gazeti lingeweza kufanya hivyo? Baada ya hapo bakuli linapita mkono kwa mkono, kila mmoja anajaribu mfuniko, oda zinaandikwa. Mwenye nyumba anapata zawadi kulingana na mauzo ya jioni hiyo, na kabla ya kuondoka muuzaji anatafuta katika wageni walewale nani ataalika wiki ijayo. Mtandao ukasambaa hivyo, nyumba hadi nyumba.

Kukataa kununua hakukuwa rahisi. Umekula keki ya mtu, umekaa kwenye kochi lake, unajua zawadi yake inategemea wewe, na kesho mtakutana uani mkianika nguo. Mwanasaikolojia Robert Cialdini aliitumia mikusanyiko hii kama mfano wa namna mtu anavyonunua kwa sababu ya anayemuuzia kuliko kwa sababu ya kitu chenyewe. Msomaji aliyewahi kuchukua vyombo kwa mkopo katika kikundi cha upatu kwa sababu tu aliyevileta ni shoga yake ataelewa mara moja.

Hata hivyo, kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni kwamba mikusanyiko hii iliwapa wanawake ajira wakati ambapo ajira ya mke ilionekana aibu kwa mume. Muuzaji hakuhitaji cheti wala uzoefu. Alifanya kazi jioni mume akiwa nyumbani na watoto, na hakuna jirani aliyeweza kusema ametelekeza familia. Waliofanya vizuri walipanda wakawa wasambazaji wa eneo zima, na wapo waume walioacha kazi zao ili kusaidia biashara ya wake zao. Wise aliwajua wauzaji hawa, akawasifu hadharani, akawaita kila mwaka makao makuu huko Kissimmee, Florida. Katika mkutano wa 1954 walipewa sepetu wakachimbue zawadi zilizofukiwa ardhini: pete, makoti ya manyoya, na hata kigari cha kuchezea ambacho aliyekipata alikabidhiwa gari la kweli. Mwaka huohuo Wise akawa mwanamke wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la jarida la Business Week.

Umaarufu huo ndio uliomponza. Tupper hakupenda sura ya kampuni iwe ya mtu mwingine, na walizidi kugombana. Januari 1958 Wise alifukuzwa. Hakuwa na hisa hata moja. Baada ya kwenda mahakamani aliambulia takriban dola 30,000, mshahara wa mwaka mmoja. Mwaka huohuo Tupper aliiuza kampuni kwa Rexall, kampuni ya dawa, kwa dola milioni 16. Naona ni dhuluma ya wazi. Bakuli lilikuwa la Tupper, lakini lilikuwa limelala kwenye rafu mpaka Wise alipoliingiza sebuleni. Wise alifariki mwaka 1992.

Mikusanyiko iliendelea bila yeye na kuvuka mipaka ya Marekani. Mwaka 2001 kampuni ilijaribu tena kuweka vyombo vyake dukani, safari hii katika maduka ya Target. Mauzo ya majumbani yakaporomoka, na mwaka 2003 ikaviondoa. Lakini kufikia hapo wanawake wengi walikuwa na ajira nje ya nyumba, mabakuli ya bei nafuu yalikuwa kila mahali, na kila mtu alijua kufunga mfuniko bila kufundishwa. Mwaka 2022 kampuni ilirudi Target. Septemba 2024 iliomba kinga ya mahakama kwa sababu ya kufilisika.