Chai za Mitishamba na Uzito wa Mwili: Mizani Ikishuka, Kimepungua Nini?

Katika kliniki ya lishe ninayofanyia kazi, haipiti wiki bila mtu kuingia na pakiti ya chai mkononi na kuuliza kama chai hiyo inapunguza uzito kweli. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu mara nyingi anayeuliza amekwisha kuinywa kwa siku tano au sita, amepanda kwenye mizani, na ameona namba imeshuka. Macho yake hayakumdanganya. Lakini mizani hupima kila kilichomo mwilini kwa pamoja, yaani mafuta, misuli, mifupa, maji, na hata chakula kilicho njiani kuelekea haja kubwa, wala haisemi ni kipi kati ya hivyo kilichopungua. Shauri zima la chai hizi liko hapo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa inaondoa utata mwingi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati inayokaribia kilokalori 7,700. Mtu anayetangaziwa kwamba atapunguza kilo tatu za mafuta kwa wiki moja angelazimika kuchoma zaidi ya kilokalori 23,000 katika siku saba, yaani takribani 3,300 kila siku juu ya chakula anachokula, na hicho ni kiasi kinachozidi nishati yote ambayo watu wazima wengi huitumia kutwa nzima. Jambo hilo haliwezekani kwa kikombe cha chai, liwe jani la aina gani. Kinachowezekana, tena kwa urahisi, ni kupoteza maji. Mwili huhifadhi sukari ya akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu tatu hivi za maji. Mtu anapoanza kula kidogo, akiba hutumika, maji hutoka nayo, na kilo moja au mbili huweza kuondoka kabla mafuta hayajaguswa kwa kiwango cha maana. Anapoanza tena kula kama zamani, maji hayo hurudi.

Mama mmoja aliwahi kuniwekea mezani pakiti ya chai aliyokuwa akiinywa kila usiku kwa majuma matatu. “Hii si dawa,” aliniambia, “ni majani tu.” Mbele ya pakiti palichorwa kiuno chembamba na jani la kijani. Tuliigeuza pamoja. Nyuma yake, kwa herufi ndogo zilizomlazimu kuvaa miwani, iliandikwa mimea sita, na wa kwanza uliitwa Cassia angustifolia. Hilo ni jina la kitaalamu la sanamaki, mmea ambao kwa karne nyingi umetumika kama haluli, yaani dawa ya kufungua choo. Kwa kawaida viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo alichokuwa akinywa kilikuwa hasa sanamaki iliyotiwa ladha ya mnanaa. Nilipomuuliza kuhusu tumbo, alikiri kwamba lilikuwa likimsokota kila alfajiri, na kwamba alikuwa amelichukulia sokoto hilo kuwa ndiyo dalili ya mafuta kuyeyuka.

Namna sanamaki inavyofanya kazi inafahamika vizuri. Viini vyake hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kubadilika sana, hufika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huvigeuza kuwa kemikali inayousukuma utumbo kujikunja na kuuzuia usifyonze maji. Kazi hiyo huchukua kati ya saa 6 na 12, ndiyo maana chai ya usiku huleta choo cha asubuhi. Lakini mafuta, wanga na protini za chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla ya kufika huko sanamaki inakofanyia kazi. Anayekula chakula kizito cha jioni kisha akanywa chai hii kwa matumaini ya “kukisafisha” amekwisha kukipokea karibu chote mwilini. Anachokitoa ni maji, chumvi na mabaki. Miongoni mwa chumvi hizo kuna potasiamu, ambayo moyo na misuli huihitaji ili vifanye kazi kwa mpangilio. Ikipungua, mtu hulegea, hukazwa na misuli, na kwa walio na ugonjwa wa moyo mapigo huweza kuvurugika kwa namna ya hatari. Sanamaki ni dawa nzuri kwa mtu aliyefunga choo, akiitumia kwa siku chache. Haikukusudiwa kunywewa kila usiku kwa miezi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye ajue kwamba kuharisha sana huweza kuzuia vidonge hivyo visifyonzwe inavyotakiwa.

Mimea ya kukojosha, ambayo nayo huchanganywa mara kwa mara katika chai za namna hii, ina hadithi ileile kwa njia nyingine: mkojo unaongezeka, mizani inashuka, mafuta yamebaki palepale.

Madai mengine ni kwamba chai “inaamsha metaboli”. Metaboli ni jumla ya kazi za kemikali zinazoendesha mwili, na sehemu kubwa ya nishati tunayotumia, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 kwa watu wengi, hutumika tukiwa tumetulia tu: moyo unapiga, ini linachuja, ubongo unafikiri. Asilimia 10 hivi hutumika kumeng’enya chakula, na iliyobaki huendeshea mijongeo yetu. Watu wengi huniambia kwamba metaboli yao imelala tangu walipofikisha miaka 35 au 40. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliopima matumizi ya nishati ya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, metaboli hubaki karibu palepale kuanzia miaka 20 hadi 60, ndipo huanza kushuka polepole. Wapo wenye tatizo la kweli, kwa mfano wale ambao tezi dundumio yao, ile iliyo shingoni, haifanyi kazi ipasavyo, lakini hao wanahitaji kipimo cha damu na matibabu, na chai itawachelewesha tu.

Chai ya kijani ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na inastahili kuzungumziwa kwa uadilifu. Ina kafeini, na ina kemikali ziitwazo katekini, na vitu hivyo viwili kwa pamoja huongeza kidogo kiwango cha nishati mwili unachochoma kwa saa chache. Je, ongezeko hilo linafika kwenye mizani? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2012 yalihitimisha kwamba upungufu wa uzito kwa watu wazima wenye uzito uliozidi ulikuwa mdogo sana, kiasi kwamba hauwezi kuhesabiwa kuwa na manufaa ya kitabibu. Kuinywa kama kinywaji hakuna tatizo kwa watu wengi. Tatizo huja pale katekini hizo zinapokamuliwa na kufungwa ndani ya vidonge: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba dozi za miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani, zikitumiwa kama virutubisho, zimehusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Kikombe na kidonge si kitu kimoja, hata kama vyote vimetoka kwenye jani moja. Kuhusu kafeini, mamlaka hiyo hiyo inaona kwamba miligramu 400 kwa siku haziwadhuru watu wazima wenye afya, na 200 kwa mjamzito. Anayechanganya chai ya kijani, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huzifikia upesi kuliko anavyodhani.

Tangawizi, mdalasini, mchaichai na rosela ni vinywaji vizuri, navinywa mwenyewe, na sina la kuvishutumu kwa mtu mwenye afya anayevinywa kwa kiasi. Havichomi mafuta kwa kiwango cha kumtosha mtu.

Hata hivyo kuna kazi moja ambayo chai hizi huifanya vizuri kabisa, na inasikitisha kwamba matangazo huisahau. Zinakaa mahali pa kinywaji chenye sukari. Kopo la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, sawa na kilokalori 140. Mtu aliyezoea makopo mawili kwa siku, akiyabadilisha kwa vikombe viwili vya mchaichai bila sukari, ameondoa kilokalori 280 kila siku, ambazo kwa mwezi ni 8,400. Mwili hufidia sehemu yake kwa kuongeza njaa, hivyo asitarajie hesabu hiyo itimie yote, lakini hapa tunazungumzia mafuta ya kweli, si maji. Sharti ni kwamba chai hiyo isitiwe kile ilichokuja kukiondoa. Vijiko viwili vidogo vya sukari ni gramu 8. Vikombe vinne kwa siku ni gramu 32, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Asali haisamehewi katika hesabu hii. Kijiko kikubwa cha asali kina kilokalori zipatazo 60, na shirika hilo huihesabu pamoja na sukari nyingine. Anayeona uchungu wa kuacha sukari kwa ghafla apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na harufu ya tangawizi iliyopondwa au ganda la limau husaidia kuziba pengo.

Kikombe kipoe kidogo kabla ya kunywewa, kwa sababu Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinachangia saratani ya umio. Na kwa wenye upungufu wa damu, chai ya kijani au ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma ya mbogamboga na nafaka yasifyonzwe. Saa moja baada ya kula inatosha.

Anayetumia dawa za hospitali lazima awe mwangalifu zaidi. Rosela hushusha shinikizo la damu kidogo, na kwa aliye kwenye dawa za presha kushuka huko huongezeka juu ya kule kwa dawa. Mzizi wa likorisi, unaotiwa kwenye michanganyiko mingi kwa ajili ya utamu wake, hufanya kinyume: hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Chai ya kijani hupunguza ufyonzwaji wa nadololi, mojawapo ya dawa za moyo na presha. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wenye ugonjwa wa figo, ini au moyo wasitumie kabisa michanganyiko ya kupunguza uzito bila kumwona mtaalamu.

Limebaki jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni kile kisichoandikwa kwenye pakiti. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 na kuondolewa sokoni huko na Ulaya mwaka 2010, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa watu wenye magonjwa ya moyo. Tangu hapo maabara za wadhibiti zimeikuta mara nyingi ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kama za asili, zikiwemo chai na kahawa. Jani halisi halifuti njaa kwa kikombe kimoja. Chai inayomfanya mtu asahau chakula kutwa nzima, mdomo ukamkauka, usingizi ukamruka na moyo ukamwenda mbio, inatia shaka kwamba imetiwa dawa.

Na hata mmea wenyewe unaweza kuwa siyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jijini Brussels, wanawake waliokuwa wakitibiwa uzito walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina, na mmoja wa mimea hiyo ulibadilishwa kimakosa na mwingine wenye jina linalofanana nao, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wao wakahitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Hawakutafuta sumu, walitafuta kupungua.

Kwa hiyo anayehisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kuharisha kusikokoma, mkojo wa rangi ya kahawia au macho kuwa ya manjano baada ya kuanza chai yoyote, aiache siku hiyo hiyo na aende hospitali. Pakiti asiitupe hata kama imebaki tupu. Aende nayo pamoja na vijifuko vilivyosalia, na amwambie daktari ameinywa kwa siku ngapi na vikombe vingapi, kwa kuwa namba ya toleo iliyopigwa chapa pembeni, na unga uliobaki chini, ndivyo vinavyowawezesha wataalamu wa maabara kujua alichokuwa akinywa.