Buli la Fedha Likiingia Weusi: Dhana Zinazoharibu Nakshi

Karibu kila buli la fedha linaloletwa mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huwa limekwisha kusuguliwa kwa mchanga, jivu au waya wa masufuria, na mwenyewe hunieleza kwamba fedha ya kweli haiingii weusi. Hakuna dhana inayoniumiza kuliko hii, kwa sababu madhara yake hayarekebishiki.

Ukweli ni kwamba fedha hushikana na salfa iliyomo hewani, na uso wake ukafanya utando mweusi wa salfaidi. Huo si kutu inayokula chuma hadi ndani. Sisi wa pwani, ambao maji yakipwa tunanusa matope ya mikoko yakitoa harufu ya yai viza, hatuna sababu ya kushangaa buli likibadilika rangi kabatini. Cha kutiliwa shaka ni kile kinachokaa cheupe miaka yote bila kuguswa.

Anayesugua hajui nakshi ilivyopatikana. Fundi hulifua bamba kwa nyundo hadi liwe tumbo la buli, akilipasha moto kila linapokuwa gumu, kisha hulijaza lami ili lisibonyee, ndipo agongeapo maua, majani na makombe kwa vipatasi butu. Jicho huyaona maua hayo kwa sababu miinuko inang'aa na mabonde yana giza. Weusi uliotulia mabondeni ni sehemu ya pambo, na wako mafundi wanaoutia kwa makusudi. Waya huanza kula miinuko: mishipa ya majani, kingo za maua, kisha maua yenyewe, hadi buli likabaki na uvimbe usio na sura. Hata magadi na karatasi ya alumini, ambavyo wengi huvisifu, siviruhusu kwenye chombo chenye nakshi, kwa kuwa huondoa weusi kila mahali. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ulikaushe papo hapo, ufute miinuko peke yake kwa kitambaa cha pamba, na usilifunge kwa gazeti wala mpira. Zaidi ya yote, litumieni. Buli linaloshikwa na kuoshwa mara kwa mara huchelewa kuingia weusi.

Wengine huja na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo kipimo hicho hakithibitishi kwamba buli ni la fedha. Wala herufi EPNS zilizogongwa kwenye buli si muhuri wa fedha halisi. Zinaeleza aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyovishwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliupatia hataza mwaka 1840. Katika mabuli ya Uingereza, tafuta simba anayetembea, alama ya fedha yenye sehemu 925 katika 1000. Inayosalia kwa kawaida ni shaba, kwani fedha tupu ni laini mno kwa chombo cha kutumiwa.

Mwisho ni mpini wa mti, ambao wateja hudhani uliwekwa na fundi aliyeishiwa fedha, wakanitaka niubadilishe. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote, na kazi hiyo nimeikataa kila mara, kwa sababu chai ya moto ingemuunguza vidole anayemimina.