Hapana, lakrosi haikulazimishi kukesha

Nafundisha watoto lakrosi hapa Mombasa, na kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya ni kusuluhisha nyumba za wazazi wao. Mtoto akishaipenda ile fimbo yenye wavu, ya kubebea na kurushia mpira, baba naye huanza kutafuta mechi za kulipwa za Marekani na Kanada kwenye simu. Haupiti muda mrefu, naletewa maneno yale yale: "Mwalimu, mchezo wenu waja kunivunjia nyumba. Huu si wa mtu mwenye watoto, ni wa kukesha." Nimeambiwa na kina baba, nimeambiwa na kina mama, na juzi nimeambiwa na shangazi aliyekuja tu kumchukua mtoto mazoezini. Basi. Hili la kukesha nalimaliza leo, na mengine nitayapitia njiani.

"Ukitaka kuifuatilia, lazima ukeshe"

Tuanze na wingi wa mechi. NLL, ligi ya lakrosi ya ndani, humpa kila timu mechi 18 za msimu wa kawaida, kuanzia mwanzo wa baridi yao hadi Aprili hivi, kisha mtoano. PLL, ligi ya uwanjani, huchezwa kiangazi chao, na timu hupata mechi 10 tu kabla ya mtoano. Ligi Kuu ya Uingereza ni mechi 38. Baba huyo huyo anayelia kwamba lakrosi inammaliza, ana Arsenal yake, ana Ligi ya Mabingwa, ana Harambee Stars, na sijawahi kumsikia akisema kandanda si ya mtu mwenye familia.

Sasa tuje kwenye saa, maana ndipo watu wanapopotea. Wakati wa baridi, Mombasa tuko mbele ya Toronto, Buffalo na New York kwa saa nane. Jumapili ya pili ya Machi wenzetu wanasogeza saa zao, tofauti inabaki saba mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi kitu. Kwa hiyo mechi inayoanza Buffalo saa moja na nusu usiku Jumamosi, katikati ya msimu, kwetu ni saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia Jumapili. Hiyo ni saa mbaya, sibishani.

Lakini nani alikutuma Buffalo? Kila mzazi anayeanza huniambia timu yake ni Buffalo Bandits, kwa sababu walichukua kombe mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Mnawapenda washindi, halafu mnalalamikia saa zao. Nenda magharibi! Denver, nyumbani kwa Colorado Mammoth, tofauti nasi wakati wa baridi ni saa kumi. Mechi yao ya saa moja usiku inaanza kwetu saa kumi na moja alfajiri. San Diego, kwa Seals, tofauti ni saa kumi na moja, na mechi kama hiyo inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Na usiniambie timu za magharibi ni dhaifu. Mammoth walibeba kombe 2022, na fainali waliwafunga hao hao Bandits wenu.

Hapa kwetu alfajiri haihami sana mwaka mzima, tuko karibu na mstari wa ikweta. Adhana inatoka karibu na saa kumi na moja, Januari kama Julai. Katika nyumba nyingi za mji huu saa hiyo watu wameshaamka, hawahitaji kengele ya simu. Baba amerudi msikitini, chai iko motoni, Mammoth wako robo ya kwanza au ya pili. Ukiwa wa Seals, unatazama na sahani ya mahamri na mbaazi mapajani, na watoto wanaona robo moja kabla hawajashika njia ya madrasa. Kukesha kuko wapi hapo? Kuanzia katikati ya Machi rudisha saa moja nyuma, basi. Ila Saskatchewan Rush, timu ya Kanada: mkoa wao haubadilishi saa, kama sisi, kwa hiyo tofauti ni tisa mwaka mzima na hakuna hesabu ya kukosea.

Kiangazi mambo ni mepesi zaidi. PLL ina mechi nyingi za mchana wikendi, kuanzia Juni hadi Septemba. Ikianza saa saba mchana kwa saa za New York, kwetu ni saa mbili usiku. Isha imeshaswaliwa, watu wameshakula. Shida pekee ya saa hiyo ni nani ameshika rimoti, na hilo si kosa la lakrosi.

Kuna na hili la siku, ambalo nimelieleza mpaka sauti inakauka. Ratiba ikiandika Jumamosi usiku, kwetu ni Jumapili kabla ya jua. Baba mmoja wa Kisauni aliamka saa tisa na nusu alfajiri ya Jumamosi, akakaa sebuleni gizani na simu mkononi, mechi haiji. Wachezaji walikuwa na usiku mzima na mchana mzima mbele yao kabla hawajavaa viatu. Kulipokucha akampigia mtu wa intaneti kumgombeza kwamba waifai yake ni mbovu. Andikeni ratiba kwa saa zetu na siku zetu, karatasini, bandikeni kwenye friji, na mama watoto aione. Nusu ya ugomvi ninaoletewa unatokana na mtu kusema "leo nina mechi" dakika tano kabla haijaanza.

Na nani kasema lazima uitazame moja kwa moja? Kwenye mpira wa miguu naelewa, ukienda kumbadilisha mtoto nepi dakika ya sabini unaweza kukosa goli pekee la siku. Lakrosi ya ndani haiko hivyo. Timu ina sekunde 30 tu za kupiga langoni, la sivyo inapoteza mpira, na ni kawaida kila upande kufikisha mabao kumi na zaidi. Nenda kambadilishe mtoto, nenda kafungue mlango, rudi: utakuta wamefungana matatu na mechi bado mbichi. Sijui mchezo mwingine wa timu unaomstahimili mzazi namna hii.

Ushauri wangu, nao nauuza kwa kila mtu hata asiyeuliza: zima arifa zote za matokeo Ijumaa jioni, usifungue kundi la WhatsApp la mashabiki asubuhi, na utazame marudio saa yako. Ukibanwa kabisa, tazama robo ya nne peke yake, dakika 15 za mchezo. Vipande vya mabao ligi zote mbili huviweka YouTube, na bando yake si ya kutisha. Foleni ya feri ya Likoni ukienda kumwona nyanya Jumapili inatosha kabisa, ikiwa si wewe uliyeshika usukani.

"Nitaulipa usingizi mchana"

Uongo huu ni mdogo wake ule wa kwanza, na ndio unaonitia hofu. Mimi si daktari, ila madaktari hawafichi: mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kila usiku, na kulala mchana kunapunguza uchovu tu, hakurudishi usiku uliokwenda. Kahawa tungu nayo ina hesabu yake. Kafeini huchukua kama saa tano mwilini kupungua nusu, kwa hiyo vikombe vya saa tatu usiku bado vinakutembelea saa nane. Halafu Jumapili saa moja asubuhi unamleta mtoto kwangu, unavuka daraja la Nyali macho yakijifunga. Afadhali mtoto akose mazoezi. Na ukifikia kutafuna muguka ili umwone Dhane Smith wa Bandits akitoa pasi, tatizo lako si lakrosi tena.

"Hobi zangu nyingine zitakufa"

Zipi? Nina mzazi anayedarizi kofia kwa mkono, na hutazama marudio ya PLL huku sindano inatembea. Lakrosi ya uwanjani ina nafasi za kupumua: kipa akishaokoa, mpira unavushwa uwanja mzima kabla ya shambulio jingine, macho yanarudi kwenye kofia. Ya ndani anakiri hawezi, anajichoma. Wa kuvua samaki wikendi nao wanarudi pwani saa ambazo mechi zimeshakwisha na marudio yapo. Ninachokataa ni mtu kufuata timu nne za NLL na tatu za PLL, kisha aniambie mchezo unakula muda. Timu moja ya ndani, moja ya uwanjani. Ukishindwa, moja tu.

"Wale ni mamilionea, kazi yao ni mpira tu. Sisi tuna kazi"

Hili ndilo linalonifurahisha kulivunja. Katika NLL, wachezaji wengi wana kazi zao za wiki nzima. Wako walimu, wako zimamoto, wako mafundi. Mechi zimewekwa wikendi kwa sababu hiyo hasa: mtu anafundisha darasani mpaka Ijumaa, anapanda ndege kwenda kucheza, na Jumatatu yuko tena mbele ya wanafunzi. Wengine wanacheza ligi zote mbili, baridi ndani na kiangazi nje. Tom Schreiber amecheza Toronto Rock ya NLL na Archers ya PLL, Josh Byrne amecheza Bandits na Chaos ya PLL. Mtu anaunganisha ligi mbili na nyumba yake, wewe unashindwa kuunganisha mechi 18 za kutazama tu?

PLL yenyewe ni changa. Ndugu wawili, Paul na Mike Rabil, waliitangaza 2018, ikachezwa mara ya kwanza 2019, na mwisho wa 2020 ikaimeza ligi ya zamani ya uwanjani, MLL. Kwa miaka ya mwanzo timu hazikuwa hata na miji, ligi nzima ilizunguka pamoja kila wikendi. Ilipofika 2024 ndipo kila timu ikapewa mji wake. Kwa hiyo ukiona makala ya zamani inasema timu fulani haina kwao, usiniletee ubishi.

Yaliyobaki, haraka haraka

Si hoki. Mpira hauburuzwi chini, hubebwa wavuni na kurushwa hewani. Kinachowachanganya watu ni kwamba NLL huchezea kumbi za hoki ya barafu, barafu ikifunikwa na zulia la nyasi bandia, na kuta za pembeni zinabaki kuwa sehemu ya mchezo.

Ndani na nje si mchezo mmoja. Ndani ni watu sita kwa upande pamoja na kipa, robo nne za dakika 15. Uwanjani ni kumi, na PLL ina robo za dakika 12. Ukijifunza moja usidhani umeielewa nyingine.

"Ni mchezo wa wazungu matajiri." Wenye mchezo ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, na Wahaudenosaunee, muungano wa jamii za wenyeji hao, wana timu yao ya taifa mpaka leo. Lyle Thompson, Mwonondaga, yaani mmoja wa Wahaudenosaunee hao, ni miongoni mwa wachezaji bora waliopata kushika fimbo hiyo. Uganda ilicheza ubingwa wa dunia wa wanaume Denver 2014. Wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walikwenda Peterborough, Kanada, 2019, wakateleza kwenye nyasi zenye maji kwa raba za kawaida, mpaka timu ya Israeli ikawanunulia viatu vya njumu. Matajiri hao mnaowasema siwaoni.

"Ni vita, watoto wasione." Nusu kweli. NLL, wachezaji wakipigana wanapewa dakika tano nje, na kusukumana kwa fimbo kunaruhusiwa. Kama mwanao ni mdogo muanzishie PLL, au mchezo wa wanawake wa uwanjani, ambako kugongana miili hakuruhusiwi. Mabinti zangu wa mazoezini wanajifunza mengi zaidi huko kuliko kwa Bandits.

"Olimpiki imeingia kwa mara ya kwanza." La. Ilishindaniwa medali St. Louis 1904 na London 1908, na Kanada ilichukua dhahabu zote mbili. Oktoba 2023, kikao cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki huko Mumbai kiliirudisha kwa ajili ya Los Angeles 2028, lakini kwa mtindo wa wachezaji sita na robo za dakika nane. Na kabla hamjaanza kuniuliza: Julai Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi. Mechi ya saa nne asubuhi kwao ni saa mbili usiku hapa.