Shashi ya Ishirini

Watu wakiniuliza ni upasuaji upi ulionifundisha kazi katika miaka 32 niliyoshika kisu, hudhani nitawatajia uvimbe mkubwa au utumbo uliotoboka. Mimi huwajibu kwamba ni ule ambao asubuhi yake wenzangu walinipongeza.

Mama huyo aliletwa saa tisa usiku, midomo imempauka, mapigo ya moyo yakienda mbio. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Tulipofungua tumbo damu ilifurika hadi kwenye mashuka, nikawa natumbukiza shashi, vitambaa vya kunyonya damu, moja baada ya nyingine ili nione inakotoka. Niliubana mrija, nikaukata, nikafunga mshipa, na shinikizo la damu likaanza kupanda. Nilipoomba uzi wa kufungia tumbo, muuguzi aliyekuwa akihesabu akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, shashi moja siioni." Nilimjibu bila kuinua macho, "Hesabu vizuri, Sista." Akahesabu tena, kisha akasema zimetimia.

Wiki tatu baadaye mama alirudi na homa na uvimbe chini ya kitovu. Nilimfungua mwenyewe, na harufu ilinipa jibu kabla ya macho. Alipoamka nilimweleza kwamba nilisahau kitambaa tumboni mwake. Hakunilaumu, aliuliza kama atazaa tena, nikamwambia kwamba mrija mmoja umebaki. Sista hakuwa na kosa. Alijua kuhesabu, ila alijua pia jinsi nilivyokuwa nikiwajibu watu usiku.

Asiye wa fani hii huenda akashangaa kitambaa kinasahaulikaje. Shashi kavu ni nyeupe, lakini ikilowa damu husinyaa, ikachukua rangi ya matumbo yenyewe na kujipenyeza katikati ya mikunjo yake. Zile kubwa hushonewa utepe unaoachwa nje ya kidonda na kubanwa kwa koleo, na za kiwandani huwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei. Hospitali nilizoanzia kazi, hata hivyo, zilikata shashi kutoka kwenye roli, zikazikunja na kuzitakasa kwa mvuke. Hizo hazina uzi wowote, na kwa hiyo kinga pekee ya mgonjwa ni hesabu. Nayo hufanywa na watu wawili, kwa sauti, kabla ya kisu kugusa ngozi, kabla ya kufunga tumbo na kabla ya mshono wa mwisho, idadi ikiandikwa ubaoni ili mtu asitegemee kumbukumbu ya saa tisa usiku.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, Ifakara yetu ikiwemo pamoja na London, Seattle na New Delhi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimoja hutaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Nakiri nilicheka: nijitambulishe kwa watu niliokula nao ugali miaka kumi? Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake kuitumia orodha hiyo, na utafiti wa mwaka 2014 haukuona punguzo la maana la vifo. Wapo waliosema basi orodha haifai kitu. Mimi naona karatasi inaweza kujazwa alama zote ilhali hakuna aliyefungua mdomo, na kwamba faida ya kujitambulisha ni kuwa mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja haoni tabu kuitoa mara ya pili, hata mbele ya daktari mwenye mvi na hasira.

Siku hizi, kabla ya kufunga, naweka mikono yangu juu ya shuka na kusubiri. Madaktari vijana wanaojifunza kwangu huhema, maana orodha ya wagonjwa wa siku ni ndefu. Mwezi uliopita sista alihesabu shashi 19 badala ya 20. Tulipekua ndoo, mashuka na kikapu cha taka, mgonjwa wa ngiri akiwa bado usingizini, tukaikuta imenata chini ya buti langu.