Dau la Wakala, na Kwa Nini Madau Yakilingana Hushinda Aliyetangulia

Mtu anaandika dau la 200 katika mnada wa mtandaoni. Papo hapo skrini inaonyesha kwamba bei ya sasa ni 200, kiasi kilekile alichokiandika, na chini yake kuna ujumbe unaosema kwamba amepitwa. Hajaona mtu yeyote akipanda dau baada yake, wala bei haijazidi alichokitoa, na bado hana uongozi. Wanaokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza mara nyingi huamini kwamba mtambo umekosea au kwamba wamedhulumiwa. Ukweli ni kwamba mfumo umefanya kazi yake sawasawa, na dhana mbili zinatosha kueleza kilichotokea: dau la wakala na kulingana kwa madau.

Dau la wakala, ambalo wengine huliita dau la proksi, ni utaratibu ambao mnunuzi hatangazi bei anayoitoa kwa wakati huo, bali huukabidhi mfumo wa mnada kikomo chake, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho yuko tayari kulipa. Kuanzia hapo programu hushindana kwa niaba yake, ikipandisha bei hatua kwa hatua kila mshindani anapojitokeza, mpaka washindani waishe au kikomo kifikiwe. Wakala huyu ana masharti mawili tu. La kwanza ni kutotumia fedha zaidi ya zinazohitajika kumweka mwenyewe mbele. La pili ni kutokifichua kikomo kwa washindani wala kwa muuzaji, isipokuwa pale ushindani wenyewe unapokifikia.

Wazo hili ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1893 wauzaji wa stempu huko Northampton, Massachusetts, nchini Marekani, walipokea madau kwa barua kutoka kwa wakusanyaji, kisha wakauza kila fungu kwa bei iliyozidi kidogo tu dau la pili kwa ukubwa, badala ya kumtoza mshindi kiasi chote alichokiandika. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alichapisha uchambuzi wa mnada wa siri ambao mshindi hulipa bei ya mtu wa pili, na mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, siku chache tu kabla ya kufariki. Mnada wa mtandaoni kama wa eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995, unafuata kanuni iliyo karibu sana na hiyo: bei ya mwisho ni kikomo cha mshindani wa pili pamoja na hatua moja ya nyongeza, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho dau jipya hupaswa kuizidi bei inayoonekana.

Tuchukue mfano wa kamera ya zamani ambayo bei yake ya kuanzia ni 50, na kila hatua ya nyongeza ni 5. Mnunuzi wa kwanza anaweka kikomo cha 200, lakini kwa kuwa hana mpinzani, skrini inaonyesha 50. Wa pili anaandika 80. Wakala wa mnunuzi wa kwanza anajibu mara moja na bei inakuwa 85. Wa pili anaandika 120, bei inapanda hadi 125, na uongozi haujabadilika. Kwa mtazamaji ni kama kuna mtu amekaa mbele ya kompyuta akijibu kila pigo, kumbe mnunuzi wa kwanza huenda amelala usingizi tangu alipoandika namba yake moja. Sasa wa pili anaandika 200. Vikomo vimelingana, na mfumo hauwezi kupandisha dau la wa kwanza hadi 205, kwa sababu hakuuruhusu kufika huko. Kwa hiyo bei inasimama 200, na uongozi unabaki kwa yule ambaye kikomo chake kilisajiliwa mapema zaidi.

Hiyo ndiyo kanuni ya madau sare: kiasi kikilingana, wakati ndio unaoamua. Mnunuzi wa pili hajapitwa kwa bei. Amepitwa kwa saa. Ujumbe anaoupokea ungekuwa na haki zaidi kwake kama ungelisema hilo waziwazi, maana neno "umepitwa" humfanya atafute dau kubwa kuliko lake, na dau hilo halipo.

Namba 200 kwenye skrini, hata hivyo, si uthibitisho kwamba madau yamelingana. Kama mnunuzi wa pili angeandika 198, hatua kamili ingeifikisha bei 203, na kwa kuwa kikomo cha wa kwanza ni 200, bei ingeishia hapohapo 200. Kwa hiyo dau lolote la wa pili kuanzia 195 hadi 200 huleta matokeo yaleyale: wa kwanza anaongoza, na bei imegusa kikomo chake. Madau sare ni ukingo wa mwisho wa eneo hilo, mahali ambapo pengo kati ya washindani wawili limekuwa sifuri.

Hapa pana jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha, nalo ndilo humgharimu mtu fedha. Kabla ya kuandika 200, mnunuzi wa pili alikuwa anatazama bei ya 125, na dau lolote kuanzia 130 lingekubaliwa. Laiti angeandika 201, angeshinda, na angelipa 201, si 205, kwa kuwa sharti la hatua ya nyongeza hupimwa dhidi ya bei inayoonekana, si dhidi ya kikomo kilichofichwa cha mpinzani. Lakini akishaandika 200 na vikomo vikalingana, bei inayoonekana imeshapanda hadi 200, na dau dogo kabisa linalokubaliwa baada ya hapo ni 205. Mlango wa 201 umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana wazoefu wa minada huepuka namba zinazoishia kwa sifuri. Watu wengi huelekea 100, 200 na 500 bila kufikiri, na mtu anayeandika 203 au 507 huwapita wote waliosimama kwenye namba hizo bila kulazimika kuongeza hatua nzima.

Kwa nini wakati uamue, na si bahati nasibu? Jibu langu ni kwamba kanuni ya wakati ndiyo inayompa mtu sababu ya kutoa kikomo chake mapema. Kama madau sare yangeamuliwa kwa kura, aliyetangulia asingepata faida yoyote kwa kujitokeza kwanza, na kila mtu angengoja. Minada ya ukumbini iliitumia kanuni hii zamani kabla ya kompyuta. Mnunuzi asiyeweza kuhudhuria humwachia dalali dau la maandishi, na yakitokea maandishi mawili yenye kiasi kimoja, nyumba nyingi za mnada hulipatia kipaumbele dau lililopokewa kwanza. Ukumbini kuna ugumu mmoja zaidi. Dalali hupanda kwa hatua za zamu, huyu kisha yule, na ikiwa kikomo cha aliyeandika ni 1,000 lakini zamu ya kutaja 1,000 imemwangukia aliyeketi ukumbini, mwandishi hukosa mali kwa kiasi kilekile alichokuwa tayari kulipa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanunuzi humpa dalali ruhusa ya kuongeza hatua moja juu ya kikomo, itumike tu pale itakapohitajika kuvunja usawa wa namna hiyo.

Mtandaoni, wakati unaohesabiwa ni ule uliosajiliwa na kompyuta ya mnada, si ule wa simu ya mnunuzi. Tofauti hiyo haina uzito siku tatu kabla ya mnada kufungwa, lakini ina uzito mkubwa katika sekunde za mwisho, ambapo watu wengi hupenda kuingia ili mpinzani asipate nafasi ya kujibu. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, walilinganisha minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa maalumu, na minada ambayo Amazon iliiendesha wakati huo, ambayo iliongezwa muda hadi zipite dakika kumi bila dau jipya. Madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi kwenye eBay. Mtu anayengoja namna hii anapaswa kujua kwamba anaacha silaha ya wakati mikononi mwa wengine: akilingana na kikomo kilichowekwa wiki moja kabla, hatashinda, na hatabakiwa na muda wa kuongeza.

Baada ya yote haya, ushauri wa kuandika kikomo cha kweli bado unasimama. Katika mfumo huu namba yako huamua kama utashinda, na kwa kawaida namba ya mwingine ndiyo huamua utakacholipa. Kwa hiyo kuipunguza hakukupi nafuu kubwa ya bei, bali hukupotezea mali ambayo ungeipata kwa bei unayoiridhia. Neno "kwa kawaida" nimeliweka kwa makusudi. Pale pengo lako na wa pili linapokuwa dogo kuliko hatua moja, au pasipokuwa na pengo kabisa, mshindi hulipa kikomo chake chote, hadi thumni ya mwisho. Hata hapo hakuna aliyeumia ikiwa wote wawili waliandika ukweli: mshindi amelipa kile ambacho mali hiyo ilikuwa na thamani yake machoni pake, na aliyeshindwa amekosa kitu ambacho, kwa bei hiyo, hakikuwa kimebakiza faida yoyote kwake.

Hasara huanza pale mmoja wao alipokuwa si mnunuzi. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kutumia akaunti ya mtu mwingine kupanda dau kidogo kidogo, si ili anunue, bali ili akitafute kikomo kilichofichwa na kusimama chini yake tu. Akikifikia sawasawa, kanuni ya wakati humwacha mnunuzi halisi akiongoza, kwa bei ya juu kabisa aliyoiruhusu. Ndiyo sababu minada huwakataza wauzaji kupandia dau mali yao wenyewe, na ndiyo sababu inafaa kuifungua historia ya madau na kuangalia ni nani aliyepanda ngazi fupifupi hadi kwenye kikomo chako, kisha akanyamaza.