Namba ya kodi si ruhusa ya kujiajiri Uingereza

Wageni wengi Uingereza huamini kwamba wakishapata UTR, ile namba ya mlipakodi yenye tarakimu 10, basi wameruhusiwa kujiajiri. Sivyo. HMRC, mamlaka ya kodi, hutoa namba hiyo kwa ajili ya kodi tu. Haki ya kufanya kazi hutoka kwenye viza. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa, hata kwa saa chache za kusambaza vyakula kwa baiskeli, na akigundulika anaweza kufutiwa viza. Soma masharti ya viza kabla ya kugusa fomu yoyote.

Viza ikiruhusu, kujisajili HMRC ni bure na si lazima ufungue kampuni. Mapato ya kujiajiri kabla ya kutoa gharama yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, unaoisha Aprili 5, jisajili kufikia Oktoba 5 inayofuata. Ritani (fomu ya kutangaza mapato yako) ya mtandaoni na malipo mwisho ni Januari 31 inayofuata. Ukichelewesha ritani, faini huanzia pauni 100 hata kama hudaiwi kodi.

Kinachowaumiza wengi ni bili ya kwanza. Ikifika pauni 1,000, kwa kawaida siku hiyohiyo ya Januari 31 hudaiwa na nusu yake tena, kama malipo ya awali ya mwaka unaofuata.